Sauti ya Mume Wangu Sebuleni kwa Bi Zaina

Idrisa alipofariki, walimlilia hata wanawake wasiomjua sura. Nilikuwa nimeketi chumbani na nguo zangu za eda, mlango umerudishiwa, nikamsikia mume wangu akiongea uani. Alikuwa amezikwa jana yake. Binti mmoja wa jirani alikuwa ameshika simu, na ndani ya simu hiyo Idrisa alikuwa akimwambia mwanamke fulani kwamba tangu siku alipomwona hajapata usingizi wa kueleweka. Wasichana waliomzunguka wakashusha pumzi. Mmoja akasema watu wanaandika kutoka Mombasa, kutoka Goma, mpaka Maskati, wote wanasema pumzika kwa amani Daktari, na kila mmoja ameweka kipande chake cha ile tamthilia aliyoitia sauti zamani kwenye stetasi. Nilipaswa kufarijika. Marehemu wako akisemwa vizuri, unamshukuru Mungu na kunyamaza. Mimi niliona wivu, wivu wa kweli wa kukaza taya, mtu yuko chini ya udongo na bado nagawana mume na watu wa Mombasa. Nikagonga ukuta, nikawaambia wazime simu yao, humu ndani kuna watu wamefiwa.

Sasa eda imekwisha, nyumba imerudi kimya, na nimekaa kuandika juu ya mwaka mmoja tu wa ujana wetu. Habari za kuzaliwa kwangu, za ukoo wa baba na shule niliyosoma nitaziacha, hazina tofauti na za wenzangu. Mwaka ninaoutaka ni ule wa ving'amuzi, wakati milingoti ya antena za zamani ilipogeuka kuwa vyuma vya kufungia kamba za kuanikia nguo. Kampuni ya nchi moja ya mbali, huko Asia, ilileta ving'amuzi vya bei nafuu mpaka kwetu Tabora. Nchi yenyewe sitaitaja, maana yenyewe haikunikosea. Kabla ya hapo watu wake tuliwajua kwa barabara tu: mafundi wakali wenye kofia pana waliosimamia lami ya kuelekea magharibi, kwenye njia ambayo zamani misafara ilipita kwenda Ujiji. Hawakutusalimu na sisi hatukuwasalimu. Halafu kwenye king'amuzi kukawa na chaneli yao ya tamthilia, tamthilia zikaanza kuongea Kiswahili, na muda si mrefu likatoka tangazo kwamba wanatafuta sauti mpya. Wangezunguka mikoani kusikiliza watu, na watakaopita wangepelekwa kwao mwaka mzima kuingiza sauti za Kiswahili. Walisema Tabora kuna Kiswahili safi. Hilo hata sisi tulilijua, ila tulifurahi kuambiwa na mgeni.

Tangazo hilo nililisikia mimi kwanza, na aliyejiandikisha kwanza ni mimi. Idrisa nilimwandikisha kwa sababu nilihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi. Tulikuwa tumeoana hata mwaka haujaisha, tunakaa chumba kimoja cha kupanga pale Cheyo, chenye dirisha moja lililotazama choo cha mwenye nyumba, kwa hiyo pazia lilikuwa limefungwa saa zote. Kitanda kilichukua nusu ya chumba, cherehani yangu ikachukua robo, na kwenye robo iliyobaki tukaishi. Idrisa alikuwa mtu wa gari la matangazo. Mechi ya kesho, sumu ya panya, mkutano wa wazazi, msiba wa fulani na mazishi ni saa kumi, vyote vilitoka kwenye koo lile lile, na watu wa mjini walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Waliojiandikisha tulipewa kurasa mbili za mazungumzo kati ya Daktari na msichana aliyeitwa Binti tu. Kila jioni baada ya kula tulikaa kitandani, mimi Binti, yeye Daktari, sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga katikati yetu. Alikuwa mbovu ajabu. Alipaza sauti, akavuta mwisho wa kila sentensi, akaita jina la Binti kama anayesoma majina ya waliofiwa. Nikamuuliza, "Wewe unampenda huyu mtu au unamtangazia msiba?" Akacheka mpaka karanga zikampalia. Nikamfundisha kushusha sauti, kutulia kidogo kabla ya neno zito, kusema kana kwamba hakuna mwingine anayepaswa kusikia. Alishika taratibu, kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli. Jioni moja aliisema ile sentensi ya kukosa usingizi, akaisema vizuri, nami nikasahau kwamba zamu ya kusoma ilikuwa imenifikia. Narudia ili ieleweke: nilimfundisha mimi.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi mmoja wa mjini wenye joto na mwangwi. Majaji walikuwa wawili wa kwao, na wa tatu kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akitafsiri. Nilisoma vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Wakanong'onezana, kisha yule kijana akaniambia kwa uso wa huruma kwamba sauti yangu nzuri sana, ina uzito, lakini ni sauti ya mama mkwe, na wakihitaji mama mkwe watanikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Aliyenifuata alikuwa Devota, msichana wa Ulyankulu, mtoto wa wale wakulima ambao wazee wao walitoka Burundi. Aliimba kwaya ya kanisani kwao, na alikuja na gauni la Jumapili na viatu vyekundu kwa vumbi la safari. Akafungua mdomo. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata wanaouza maji nje ya mlango. Jaji mmoja akaweka kalamu chini, akasema kitu, na kijana wa Dar akamwita Idrisa aje asome naye. Basi mume wangu akasimama mbele ya msichana wa watu, mimi nimekaa kwenye benchi la waliokosa, akamwambia kwamba tangu siku alipomwona hajapata usingizi. Aliishusha sauti pale nilipomwambia aishushe. Watu wakapiga makofi. Kuanzia dakika ile sikumpenda Devota, na wala hakuwa amenifanyia lolote.

Waliondoka kwa treni kwenda Dar, kisha ndege. Pale stesheni mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, alimpa mwanawe chupa ya asali ya kulainisha koo, akamwekea mkono kichwani na kumsomea dua ndefu. Upande wa pili walisimama watu wa Devota na kiroba cha maharage, wakizungumza kilugha chao kwa sauti ya chini. Baba yake alinifuata mimi, si Idrisa. Akavua kofia, akasema kwa heshima kubwa kwamba wamefarijika kusikia binti yao anasafiri na mume wa mtu, maana mume wa mtu anajiheshimu, na akaniomba nimwambie mwenzangu amtazame kama dada yake. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, baba, huyo ni dada yetu sote. Mdomo wangu ulisema hivyo. Treni ilipoondoka walikuwa wameketi dirisha moja, na aliyepunga mkono kwa muda mrefu zaidi ni Devota.

Sisi hatukuwa na televisheni. Aliyekuwa nayo ni Bi Zaina wa Chemchem, mjane wa mfanyabiashara wa nguo, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na moyo wa kukaribisha. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, zulia lililoletwa kutoka Hija, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kunywea. Tamthilia ilianza baada ya Magharibi. Wakubwa walikaa kwenye makochi, sisi chini, chai ya tangawizi ikapita kwenye sinia, na msimu wa mvua ukifika Bi Zaina aliweka bakuli la uyoga uliopikwa kwa karanga, kila mtu akachovya kipande chake cha chapati. Jioni ya kwanza tuliyosikia sauti ya Idrisa, Daktari aliingia nyumbani kwao huko kwenye theluji, akamwinamia mama yake wa kwenye tamthilia, akasema, "Shikamoo, mama." Bi Mwamvua, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Alijibu kwa sauti kabisa, kisha akafunika uso kwa upande wa khanga. Hakuna aliyecheka. Mimi nilimtazama yule mtu mweupe mrefu mwenye nywele za kuteleza, midomo yake ikienda huku na sauti ikienda kule, na sauti ni ya chumbani kwangu.

Siku hizi nikisikiliza redio, wasomi wana jina la mambo haya. Wanaita nguvu laini. Wanasema nchi kubwa zimegundua kwamba ni rahisi kumwingia mtu kwa tamthilia, kwa wimbo, kwa simu na intaneti, kuliko kwa jeshi, na atakuja kuipenda nchi hiyo bila kujua aliipendea wapi. Huwa nasikiliza na kutikisa kichwa. Mimi najua watu wa Chemchem waliipendea wapi. Mafundi cherehani, nami nikiwemo, tulianza kuletewa vitambaa na kuombwa kola ya Binti. Wasichana wakaanza kupokea vitu kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kama walivyoona. Darasa la lugha ya kule, lililokuwa likifundishwa bure kwa kompyuta katika chumba kimoja mjini na kukosa watu, likajaa mpaka wengine wanasimama. Na wale mafundi wa barabara, tuliowaogopa, wakageuka mashemeji. Nilikuwepo sokoni siku mama wa nyanya alipomshika mkono fundi mmoja wa kofia pana na kumuuliza kwa uchungu kwa nini jana alimpiga kofi yule mtoto wa kwenye tamthilia, kosa lake nini. Fundi hakuelewa neno. Akatabasamu, akainamisha kichwa. Mama yule akasema angalau ameomba msamaha, akamwongezea nyanya. Wote walidhani wanaipenda nchi ile, na koo lililokuwa likiwapendeza lilikuwa la Idrisa wa gari la matangazo. Zamani watu wa hapa walijulikana kwa kubeba mizigo ya wengine mpaka pwani, na wenye mizigo ndio walioandikwa. Nilikuwa nikiwaza hivyo nikishona kola za Binti, na mawazo hayo hayakuwa mema hata kidogo.

Kilichoniumiza zaidi ni simu za Jumapili. Idrisa alipiga akiwa na bando, nikatoka uani ili mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa nami, asisikie. Alinieleza juu ya baridi, juu ya chumba cha kurekodia kilichofunikwa sponji ukutani, juu ya unga wa ugali wanaoufuata kwenye duka la mbali, na kwamba Devota ndiye anayeusonga. Nyuma yake nilikuwa namsikia akicheka. Kisha Idrisa angeshusha sauti na kuniambia amenikumbuka. Nami ningebaki na simu sikioni nimekauka, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia Ijumaa sebuleni kwa Bi Zaina, kwa pumzi ile ile, na kutulia kule kule, akimwambia Binti. Hakuwa na sauti nyingine ya kunipa. Nikiwa peke yangu nilijaribu kukumbuka namna alivyokuwa akisema jina langu kabla ya tamthilia, nikawa simpati, nampata Daktari. Niliwahi kumwambia kwa hasira azungumze na mimi kama anayetangaza mechi. Akacheka, akadhani natania, akatangaza: leo uwanjani, viingilio ni kawaida. Nikacheka na mimi, machozi yananitoka. Hiyo ndiyo simu niliyoipenda mwaka ule.

Sebuleni walinionea huruma, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko masengenyo. Siku moja nilikuwa ukumbini navua viatu, hawajajua nimefika, nikasikia mmoja akisema watu wawili wanaoambiana hivi kila siku ya Mungu, mwaka mzima, mwisho wake hata mtoto anaujua. Bi Zaina akamwambia ni kazi tu, shoga, hata bucha hali nyama kila anapokata. Mwingine akasema bucha anaonja. Nikaingia, nikatoa salamu, nikakaa mahali pangu. Chai ilipita, nikachukua na sukari nyingi. Na Jumapili iliyofuata Idrisa aliniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba wakubwa wa kule wamewapendekezea kuongeza miaka miwili, yeye na Devota pamoja, maana watazamaji wamezizoea sauti zao zikiwa pamoja na hawataki kuzitenganisha. Nikamuuliza amejibu nini. Akasema, tutaona. Neno hilo nililichukia kuliko ndiyo na hapana. Nililala nalo, nikashona nalo, nikamwaga nalo mchuzi. Nilikuwa na mume kwa miezi michache tu, na sasa kampuni ya watu na msichana wa kwaya walikuwa wakimwomba miaka miwili zaidi, naye anasema tutaona.

Ndipo likaja lile tangazo la vipande vya sehemu zijazo. Mama yake Daktari alikuwa amemjaza mwanawe maneno juu ya Binti, ambaye sasa Daktari alikuwa ameshamwoa, na mtangazaji akasema kwa furaha isiyo na haya: usikose wiki ijayo, Daktari anamwacha mkewe. Sebule ilipoa. Bi Mwamvua aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke aliyelelewa kwenye chuo cha Kurani, na alichokijua ni kwamba talaka haina mchezo, akiitamka mume imetamkwa. Bi Zaina akamwambia, jamani, mtoto anamwambia mwanamke wa kwenye televisheni, tena si wa dini yetu. Bi Mwamvua akamjibu, "Mdomo ni wa mwanangu. Na mke aliye naye hapa duniani ni mmoja, huyu hapa." Akanionyesha kwa kidole. Wote wakanitazama. Wiki ile mtaa mzima ulikuwa na fatwa zake. Wengine walisema nisikae karibu na televisheni, nisiposikia halinipati. Wengine walisema kinachohesabiwa ni nia. Maalimu wa Chemchem alipoulizwa kupitia mkewe, alijibu kwamba anayesoma maneno ya mtu mwingine hajaacha mke, la sivyo kila anayefundisha sheria za ndoa angekuwa mseja. Ilikuwa sahihi, na mimi niliamini. Kilichokuwa kikinitesa hakikuwa sheria. Nilikuwa nimekwisha kumsikia akimwambia mwingine kila neno zuri. Sasa nilikuwa naenda kusikia, kwa koo lile lile, lile neno lingine, na sikujua masikio yangu yangelitofautisha vipi na la kweli, hasa kwa mtu aliyekuwa akisema tutaona.

Nilikwenda. Bi Mwamvua alinisihi nibaki nyumbani, nikamwambia kama naachwa, mama, acha niachwe nikiwa nimekaa na wenzangu. Mvua ilikuwa ikinyesha, watu walikuja na vigoda vyao, hakukuwa na nafasi ya kuweka sinia. Daktari akasimama mlangoni, uso umekunjamana, na Idrisa akaanza kufoka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Binti akapiga magoti. Devota alilia vizuri, namkubalia. Kisha Daktari akafungua mdomo kusema lile neno, na kikatoka kitu kingine. Ikatoka sauti ya mzee, ya kukwaruza, sauti ambayo kila mtu pale aliijua kuwa ya mlinzi wa hospitali kwenye tamthilia ile ile. Mlinzi akasema, "Kuanzia leo wewe si mke wangu. Nimekuacha." Halafu Idrisa akarudi na kumwambia achukue vitu vyake aende. Bi Zaina aliinuka kukipiga king'amuzi kofi, akidhani ni mvua. Watu wakaangua kicheko, mmoja akasema kumbe aliyekuwa na mke muda wote ni mlinzi. Bi Mwamvua peke yake hakucheka. Alisema alhamdulillahi, mwanangu ana akili, amekataa, akanishika goti chini ya khanga.

Mimi sikushukuru. Nilikaa pale, maji ya mvua yakigonga bati, nikifanya hesabu yangu ya wivu, na hesabu ya wivu huwa inatoka bila kubaki. Idrisa hakuwa mtu wa kuogopa talaka ya mchezo. Alikuwa amesoma chuoni kwa maalimu yule yule, alijua neno la kusoma halina uzito. Kama amekataa, basi kuna mtu ambaye hakuweza kumwambia, na mtu aliyekuwa amesimama mbele yake kwenye chumba cha kurekodia hakuwa mimi. Alimtazama Devota akilia, nikawaza, akashindwa. Hata kwa kusoma kwenye karatasi hakuweza kumwacha. Nilirudi Cheyo na mama mkwe wangu, tumejifunika mwavuli mmoja, yeye akimsifu mwanawe njia nzima, nami nikiitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Jumapili alipopiga sikupokea. Nikamwambia mama azungumze naye, nikaketi kwenye cherehani nikikanyaga bila kitambaa.

Mwaka ulipokwisha alirudi. Devota alibaki. Hakuongezewa mkataba, aliniambia hivyo tu akivua viatu, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujijibu: amekataliwa na msichana, au wametenganishwa. Alirudi kwenye gari la matangazo. Tukahamia vyumba viwili, tukapata watoto, nikafungua duka la kushona, naye akawa baba mwema na mume ambaye sina la kumlaumu. Ila mahali fulani palikuwa na mwiba. Kwenye harusi watu walimpa kipaza sauti wakamwomba aseme ya Daktari, akasema, wanawake wakapiga vigelegele, nami kila mara nilikumbuka kwamba kuna wali jikoni wa kuangalia. Tamthilia ile iliwekwa mtandaoni, ikasambaa nchi ambazo hatujafika, na sauti yake ikawa na wapenzi wapya kila mwaka, vijana ambao walikuwa watoto wachanga aliporekodi. Hakupata chochote kwa hilo, na hakuonekana kujali. Mimi nilijali kwa wote wawili. Aliugua muda mfupi, na mwishoni sauti ndiyo iliyotangulia kwenda. Siku zake za mwisho alizungumza kwa kunong'ona, na nakiri nilifurahi kidogo kwamba mnong'ono ule hakuna aliyekuwa nao kwenye simu.

Devota alikuja eda ikielekea mwisho. Alikuwa amekuja kumwona mama yake Ulyankulu, akasikia, akapanda gari mpaka Tabora. Amenenepa, anavaa miwani, bado anaishi kule. Alisema siku hizi tamthilia zinatiwa sauti na mashine, na kazi yake ni kuisomea kompyuta sentensi kutwa nzima ili mashine ijue Kiswahili. Uso wake ningepishana nao barabarani nisiutambue, lakini aliposema shikamoo dada, na pole sana, Binti mzima aliingia chumbani. Nilimwekea chai. Tuliongea habari za mama yake, za mvua, za bei ya tumbaku. Kisha akaniuliza kama Idrisa aliwahi kunieleza kwa nini walimrudisha. Nikasema hakuongezewa mkataba, basi. Akanitazama kwa mshangao.

Akanieleza. Walikuwa wawili kwenye chumba cha kurekodia, kila mtu na kipaza sauti chake. Walipofika kwenye sentensi ile Idrisa alivua visikilizio vya masikioni akaviweka chini. Msimamizi, kupitia mtafsiri, akamwambia ni maneno tu. Idrisa akasema anajua ni maneno tu, na kidini pia anajua halina uzito, lakini hilo moja atafutwe mwingine. Kazi ikasimama. Akaja mkubwa wa msimamizi, akamkumbusha mkataba wa miaka miwili uliokuwa ukisubiri kusainiwa, na Idrisa akasema sawa, uacheni. Wakamwita yule mzee aliyekuwa akimtia sauti mlinzi. Devota alisema alimkasirikia sana, kwa sababu walikuwa wakiwataka wote wawili pamoja, na baada ya hapo na yeye ilibidi aanze upya na mtu asiyejua kutulia kabla ya neno.

"Jioni nilimuuliza, kaka Idrisa, una wazimu?" Devota alisema. "Akaniambia, 'Hadija atakuwa amekaa kwa Bi Zaina, anasikiliza. Neno hilo sitaki alisikie kwa sauti yangu, hata kwa mchezo.'"

Devota alidhani nitalia, akanisogezea kitambaa. Sikulia. Nilikuwa nikiyatazama masikio yake, na vipuli vidogo vya dhahabu alivyovaa, nikiwaza kwamba maneno mazuri kuliko yote ambayo Idrisa aliwahi kuyasema juu yangu yaliingia mle, kutoka mdomoni kwake mwenyewe, na hakuna mashine iliyokuwa imewashwa. Nikamwomba ayarudie. Akayarudia, taratibu, kwa sauti yake ile safi, na nikamwonea wivu kuliko mwaka ule mzima.